Komite inashauri, baraza linaamua
Mambo ambayo familia zilizohama na viongozi wa Kasongo na Kabambare wanapaswa kujua

Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare vinavyopokea familia zilizokimbia vita, mlango wa kwanza ambao mgeni anaonyeshwa mara nyingi ni komite. Kuna komite ya wakimbizi wa ndani, komite ya maji, komite ya wazazi, komite ya afya, komite ya maendeleo na komite ya amani. Mama aliyefika juzi na watoto wake anaambiwa: «Nenda kwa prezida wa komite.» Anakwenda, anaandikwa jina, kisha anangoja. Wiki zinapita. Hajui kama ombi lake limekataliwa au limesahauliwa. Pengine yule aliyempokea hakuwa na uwezo wa kuamua jambo hilo tangu mwanzo.

Mahali pengine mambo yanageuka. Komite inafanya zaidi ya kazi yake. Inadai pesa kwa ajili ya «makaratasi», inatoza faini, au inamwambia mtu aondoke katika shamba alilopewa alime. Mgeni anaogopa kukataa kwa sababu anafikiri komite ni serikali.

Matatizo hayo mawili yana mzizi mmoja: watu hawajui komite ina uwezo wa kufanya nini na uwezo huo unaishia wapi. Matokeo yake ni manung'uniko. Wageni wanasema wenyeji wanawabagua. Wenyeji wanasema wageni wanapewa kila kitu. Katika eneo ambalo silaha bado ziko mikononi mwa watu wengi, manung'uniko ya namna hiyo ni hatari. Katika makala hii tunaeleza komite za baraza ni nini, sheria ya nchi yetu inasema nini, na namna ya kupeleka jambo lako kwa yule anayeweza kuliamua.

Baraza na komite zake

Baraza ni mkutano wa watu waliochaguliwa na wakaaji ili waamue mambo ya eneo lao. Baraza lenye watu wengi haliwezi kuchunguza kila jambo kwa undani siku moja. Kwa hiyo kwa kawaida linajigawa katika vikundi vidogo. Kimoja kinashughulikia fedha, kingine afya na shule, kingine barabara na masoko. Hizo ndizo komite za baraza. Wengine huziita komisheni.

Komite ya baraza ina kazi nne za kawaida:

- Kuchunguza jambo. Inasoma hesabu, inatembelea mahali, inasikiliza watu wanaohusika.
- Kupendekeza. Inaandika maoni yake na kuyapeleka mbele ya baraza lote.
- Kufuatilia. Baada ya uamuzi, inaangalia kama kazi ilifanyika na kama pesa ilitumika kama ilivyopangwa.
- Kuamua mambo madogo, ikiwa baraza limeipa ruhusa hiyo kwa maandishi.

Angalia vizuri kazi ya nne. Uwezo wa komite ni wa kukopeshwa. Baraza linaweza kuupunguza au kuuondoa. Tena kuna mambo makubwa ambayo kwa desturi hayakopeshwi, kama vile kupitisha bajeti, kuweka kodi na kutunga kanuni zinazowabana watu wote. Hayo yanabaki kwa baraza zima, mbele ya macho ya watu.

Mfano wa jirani zetu

Wasomaji wengi wa Kabambare wana ndugu waliovuka Ziwa Tanganyika na kufika katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996. Katika nchi hiyo kila wilaya ina baraza la madiwani waliochaguliwa, na kila baraza lina komite za kudumu. Katika baraza la wilaya, moja inashughulikia fedha, uongozi na mipango. Nyingine inashughulikia elimu, afya na maji. Ya tatu inashughulikia uchumi, ujenzi na mazingira.

Komite ya fedha hukutana kila mwezi. Baraza lote hukutana kila baada ya miezi mitatu na kupokea taarifa za komite zake. Kwa hiyo kama daraja halikujengwa, mwananchi anajua ni komite gani ilipaswa kulifuatilia, na anamjua diwani wake wa kumuuliza. Haimaanishi kwamba mambo yote yanakwenda vizuri huko. Lakini njia inajulikana, na mtu aliyezuiliwa njiani anaweza kusema amezuiliwa wapi.

Sheria ya Kongo inasema nini

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ilisema kwamba mji, komini, sekta na usultani ni maeneo yenye kujiongoza yenyewe. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza namna ya kuyaongoza. Haya ndiyo mambo makubwa ya kukumbuka:

Teritware si eneo lenye kujiongoza. Teritware ya Kasongo na ile ya Kabambare ni ofisi za serikali. Administrateri anawakilisha serikali, naye hana baraza la kuchaguliwa. Grupema na kijiji pia si maeneo yenye kujiongoza. Baraza, kwa mujibu wa sheria, linakaa kwenye sekta au usultani.

Sekta ina vyombo viwili. Cha kwanza ni baraza la sekta, lenye washauri wanaochaguliwa na wakaaji. Linaamua mambo ya sekta, linapitisha bajeti na kusimamia watendaji. Cha pili ni kolegi ya utendaji, yaani shefu wa sekta na wasaidizi wake. Hao wanatekeleza. Katika usultani ni vivyo hivyo, ila sultani anapatikana kwa njia ya mila kisha anatambuliwa na serikali.

Baraza linajiwekea kanuni zake za ndani. Ni katika kanuni hizo ambamo kazi za komite za baraza na mipaka yake zinapaswa kuandikwa.

Sekta ina haki ya kupata pesa. Katiba inasema kwamba majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwao. Sheria ya 2008 inasema kwamba asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo iende kwa maeneo yenye kujiongoza, yaani miji, komini, sekta na sultanati.

Gavana anaangalia. Baraza la sekta likitaka kuanzisha tozo mpya, ni sharti mradi huo uchunguzwe kwanza na mamlaka ya jimbo. Jambo hili lina maana kubwa kwa msomaji. Ikiwa hata baraza lililochaguliwa haliwezi kuweka tozo peke yake, komite ya kijiji haiwezi hata kidogo.

Pengo kati ya sheria na maisha

Sasa tuseme ukweli. Sheria ilitoka mwaka 2008, lakini uchaguzi wa washauri wa sekta haukufanyika. Katika uchaguzi wa Desemba 2023, washauri wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Kwa jimbo la Maniema, hiyo ni Kindu, yenye komini za Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Sekta za Kasongo na Kabambare hazikupiga kura kwa ajili ya mabaraza yao. Mashefu wa sekta wanaongoza kwa kuteuliwa na wakubwa.

Hii ina maana kwamba katika sekta zetu kolegi ya utendaji ipo, lakini baraza la kuisimamia halipo. Na bila baraza hakuna komite ya baraza. Komite nyingi tunazoziona vijijini zilizaliwa kwa njia nyingine: wizara ya afya au ya elimu iliziagiza, shirika liliomba ziundwe, au wakaaji wenyewe waliamua. Zinafanya kazi njema mahali pengi. Lakini hazikupewa uwezo wa baraza, na hazipaswi kujifanya baraza.

Kwa nini pengo hili linagusa maisha yetu

Fikiria Salamabila, katika teritware ya Kabambare. Hapo ndipo ulipo mgodi wa dhahabu wa Namoya, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 na kusimamishwa mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Katika miaka hiyo mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai Malaika yalizifukuza familia nyingi kutoka katika nyumba zao. Moja ya malalamiko yaliyosikika sana lilikuwa hili: dhahabu inatoka kwetu, sisi tunapata nini?

Sheria ya madini ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Inagawa ushuru ambao kampuni inalipa kwa madini iliyouza namna hii: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa eneo lenye kujiongoza ambamo mgodi unafanya kazi, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Pesa hiyo inaongozwa na chombo ambamo kampuni na wakaaji wote wana wawakilishi.

Ile asilimia 15 ni pesa ya watu wa eneo lile. Ni nani anayepaswa kuamua kama itajenga kituo cha afya au itatengeneza barabara? Ni baraza, baada ya komite yake ya fedha kuchunguza. Ni nani anayepaswa kuuliza kama kituo kilijengwa kweli? Ni baraza hilohilo. Pasipo baraza, maswali hayo yanabaki mdomoni mwa watu. Swali lisilo na mahali pa kuulizwa linaweza kumpeleka kijana msituni akatafute jibu kwa bunduki.

Ndiyo maana komite za kijiji, ingawa si baraza, zina kazi ya maana: kuuliza hadharani, kukusanya maoni ya watu wote na kuyapeleka kwa maandishi. Lakini zitafaulu ikiwa zinajua mipaka yao.

Komite tulizo nazo: zinaweza nini, haziwezi nini

Komite ya wakimbizi wa ndani. Inaweza kuandikisha waliofika, kusema mahitaji yao mbele ya viongozi na mashirika, na kusaidia kukagua orodha. Haiwezi kuuza nafasi kwenye orodha, wala kuchukua sehemu ya msaada uliotolewa.

Komite ya afya, inayojulikana kama CODESA. Inafuatilia kazi ya kituo pamoja na muuguzi mkuu: dawa, pesa iliyoingia, malalamiko ya wagonjwa. Inaweza kuombea familia isiyo na uwezo. Bei za matibabu zinapangwa pamoja na ofisi ya zoni ya afya. Komite haiwezi kuweka bei moja kwa wenyeji na nyingine kwa wageni.

Komite ya wazazi, yaani COPA. Inasemea wazazi mbele ya shule na kufuatilia majengo na masomo. Shule ya msingi ya serikali ni bure kwa Katiba, na serikali ilianza kulitekeleza jambo hilo tangu mwaka wa shule 2019-2020. Kwa hiyo komite haiwezi kumfukuza mtoto wa shule ya msingi kwa sababu mzazi wake aliyehama hana pesa ya kulipa.

Komite ya maji. Inatunza kisima au bomba. Watumiaji wanaweza kukubaliana mchango wa matengenezo katika mkutano wa wote, wakaandika kiasi na matumizi. Huo ni mchango wa kujisaidia, si kodi. Daftari lake linapaswa kuwa wazi kwa kila anayechangia, awe mwenyeji au mgeni.

Komite ya maendeleo. Inapanga mambo ambayo kijiji kinayahitaji kwanza na kuyapeleka kwa shefu wa sekta au kwa mashirika. Haiongozi pesa ya sekta.

Komite ya amani. Inapatanisha watu katika ugomvi wa shamba, mifugo, deni au matusi, ikiwa pande zote mbili zinakubali. Haiwezi kumfunga mtu. Haiwezi kutoa hati ya shamba. Inaweza kwenda pamoja na pande hizo kwa kapita, kwa sultani na kwa ofisi ya ardhi. Mauaji na ubakaji havipatanishwi kwenye komite kwa mbuzi au kwa pesa. Hayo ni ya mahakama, na sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ubakaji na ukatili wa kijinsia ni kali.

Mambo mawili ya Katiba yanafaa kukaririwa na kila mjumbe wa komite. Kifungu cha 174 kinasema kodi inawekwa na sheria peke yake. Kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa hawezi kuzuiliwa zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Hata polisi wanabanwa na mipaka hiyo.

Maniema imekwisha kujifunza

Sisi si wa kwanza kujaribu komite katika eneo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980, Kasongo ilijulikana mbali kwa sababu ya mradi wake wa afya, ulioungwa mkono na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Mradi huo ulijaribu vituo vya afya vilivyo karibu na watu, vinavyozungumza na wakaaji badala ya kuwangojea wagonjwa tu. Mafunzo ya Kasongo yalisaidia nchi, na hata nchi nyingine, kufikiri namna ya kupanga zoni za afya.

Jaribio lingine kubwa lilikuwa Tuungane. Lilianza mwaka 2007 kwa pesa ya serikali ya Uingereza, chini ya mashirika ya IRC na CARE, katika Maniema, Kivu ya Kusini na Katanga ya wakati ule. Vijiji vilichagua komite za maendeleo, vikapewa pesa, vikaamua wenyewe wajenge nini. Madarasa, vituo vya afya na visima vilipatikana.

Watafiti wa chuo kikuu cha Columbia, Marekani, walilinganisha vijiji vilivyoingia katika Tuungane na vile ambavyo havikuingia. Ripoti yao ya mwaka 2012 ilisema kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba komite hizo zilibadilisha namna vijiji vinavyoongozwa, au namna watu wanavyoaminiana. Katika vijiji vingine ilikuwa lazima komite iwe na wanawake sawa na wanaume, katika vingine haikuwa lazima. Hapo pia watafiti hawakuona kwamba sharti hilo peke yake lilibadilisha hali ya wanawake kijijini.

Hatusemi hayo ili kuvunja moyo wa mtu. Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, komite inayoundwa kwa ajili ya mradi haigeuki yenyewe kuwa uongozi mzuri. Mradi ukiisha, kinachobaki ni desturi ambayo watu wenyewe wameishika: kukutana, kuandika, kuonyesha hesabu. Pili, haitoshi kumpa mwanamke au mgeni kiti. Ikiwa mambo yamekwisha kuamuliwa nyumbani kwa mtu kabla ya mkutano, kiti hicho ni cha kujaza nafasi tu.

Haki ya aliyehama kusikilizwa

Kuna watu wanaosema: «Wewe ni mgeni hapa, ngoja urudi kwenu ndipo uzungumze.» Maneno hayo hayana msingi. Mkongomani aliyehama ndani ya nchi yake bado ni mwananchi. Katiba inampa haki ya kukaa popote katika nchi.

Umoja wa Mataifa ulitoa Kanuni za Kuongoza kuhusu Watu Waliohama Ndani ya Nchi mwaka 1998. Kanuni ya 22 inasema wasibaguliwe katika haki ya kupiga kura na kushiriki katika mambo ya serikali na ya jamii. Kanuni ya 18 inataka wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa misaada ya lazima. Kanuni ya 28 inasema waliohama washirikishwe katika kupanga kurudi kwao au kukaa mahali pengine. Kanuni ya 29 inawalinda waliorudi wasibaguliwe kwa sababu walikimbia. Mapatano ya Kampala ya Umoja wa Afrika, yaliyopitishwa mwaka 2009, nayo yanataka serikali ziwashauri waliohama katika maamuzi yanayowagusa.

Haki hiyo ina upande wake wa pili. Mgeni anayeshiriki katika komite anashiriki pia katika kazi. Kama kuna salongo ya kusafisha kisima, naye anakuja na jembe. Familia iliyompokea, ambayo mara nyingi imegawana naye nyumba na muhogo wake, nayo ina mahitaji na inapaswa kusikilizwa.

Namna ya kupeleka jambo lako

Ukifika mbele ya komite, uliza maswali matatu kwa heshima:

- Nani aliwapa kazi hii?
- Mnaweza kuamua nini ninyi wenyewe, na nini mnapeleka mbele?
- Mnatoa taarifa kwa nani, na lini?

Si lazima kuuliza kwa ukali. Unaweza kusema: «Mzee prezida, asante kwa kunipokea. Ninaomba kujua, jambo hili la shamba ninyi ndio mtaliamua, au mtalipeleka kwa sultani? Kama mnalipeleka, nirudi siku gani kwa ajili ya jibu?» Kiongozi mwema atafurahi kujibu. Anayekasirika kwa swali kama hilo, afadhali urudi ukiwa na wenzako wawili au watatu.

Ikiwa jambo ni kubwa na linahusu watu wengi, tumieni kifungu cha 27 cha Katiba. Kinasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia mamlaka ya serikali ombi. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tena hakuna anayeweza kushtakiwa kwa sababu ya kuandika ombi hilo.

1. Kutaneni, wenyeji na wageni pamoja ikiwezekana, mkubaliane juu ya jambo moja.
2. Andikeni barua fupi: tatizo ni nini, linawagusa nani, mnaomba nini.
3. Ipelekeni kwa mwenye uwezo. Jambo la sekta, kwa shefu wa sekta. Jambo la usalama, kwa administrateri wa teritware. Jambo la jimbo, kwa gavana au kwa mbunge wa jimbo aliyechaguliwa kwenu.
4. Fanyeni nakala. Ombeni anayeipokea atie sahihi na tarehe kwenye nakala yenu.
5. Hesabuni siku. Jibu lisipokuja, rudini na nakala ile.

Asiyejua kuandika atafute mwalimu, muuguzi au kijana aliyesoma. Anaweza kuweka alama ya kidole chake kwenye barua.

Neno kwa viongozi

Ndugu mashefu, masultani, makapita na maprezida wa komite, ninyi mnabeba mzigo mzito pasipo mabaraza ambayo sheria iliyaahidi. Hamwezi kuitisha uchaguzi. Lakini kuna mambo yasiyohitaji ruhusa ya Kinshasa wala Kindu:

- Andikeni kazi na mipaka ya kila komite kwenye karatasi moja, muibandike mahali pa watu: sokoni, kanisani, msikitini, kwenye kituo cha afya.
- Someni hadharani pesa iliyoingia na iliyotoka, hata kama ni franka kidogo.
- Wekeni muda wa kazi, kisha wajumbe wachaguliwe upya.
- Wageni waliofika wachague wenyewe anayewasemea, msiwachagulie.
- Kila mkutano uwe na PV, yaani kumbukumbu zilizoandikwa, zenye majina ya waliohudhuria na waliyokubaliana.

Siku uchaguzi wa sekta utakapofika, watu waliozoea kuuliza hesabu na kuandika PV watajua namna ya kulitumia baraza lao. Wasiozoea watachagua washauri, kisha watakaa kimya miaka yote ya muhula wao.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Katika kijiji chetu kuna komite ngapi? Kila moja iliundwa na nani?
- Je, kuna komite inayodai pesa kwetu? Pesa hiyo iliamuliwa katika mkutano gani, na daftari lake liko wapi?
- Wageni na wanawake wakizungumza katika mkutano, maneno yao yanaandikwa kwenye PV?
- Ni jambo gani moja ambalo wenyeji na wageni wanaweza kuliandikia barua pamoja mwezi huu? Tutaipeleka kwa nani?